Ofisi Yenye Kiti Kimoja cha Mgeni

Mwezi wangu wa kwanza kazini, nikiwa mshauri wa wanafunzi chuoni huku Texas, Marekani, binti mmoja aliingia ofisini kwangu na mama yake. Binti alikuwa na miaka 18, ndiyo kwanza amemaliza sekondari, nywele amezibana nyuma, mkononi ana jalada la plastiki la kijani. Mama alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kanisani. Ofisi ilikuwa na meza, kompyuta, kiti changu na kiti kimoja cha mgeni. Binti akamsogezea mama kile kiti, mama akamsogezea binti, wakawa wanabishana kwa Kihispania cha kunong'ona nani akae.

Nikafanya nilivyofundishwa. Nilimwomba binti amweleze mama yake kwamba kisheria nazungumza na mwanafunzi peke yake, na kwamba nje ukumbini kuna viti. Sheria hiyo ipo kweli. Ni ya mwaka 1974, inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, na mtoto akishafika miaka 18 au akishaingia chuo, haki juu ya kumbukumbu hizo inatoka kwa mzazi inakwenda kwake. Binti akatafsiri. Mama akaitikia kwa kichwa, akasema "sí, sí, cómo no", ndiyo, ndiyo, bila shaka, akatoka. Mlango wangu una kioo. Dakika 40 nzima nilimwona amekaa pale ukumbini, mkoba mapajani, macho yake kwenye mlango ule.

Binti yule hakumaliza muhula. Sisemi aliacha chuo kwa sababu ya kiti. Ila siku alipoanza kulegea, alikuwapo mtu mmoja ambaye angemshika mkono mapema kuliko sisi wote, na mtu huyo mimi nilikuwa nimeshamtoa nje.

Nafanya kazi ya ushauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha jamii kusini mwa Texas. Kwa msomaji aliyeko nyumbani: chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka 2, ada yake nafuu, na hakimbagui mtu kwa alama zake za sekondari. Unaanzia hapo, unachukua stashahada, au unakusanya kozi za kutosha ukahamia chuo kikuu. Wanafunzi wangu wengi ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wengi wao asili yao ni Meksiko, na wengi ni wa kwanza kwao kukanyaga chuo. Serikali ya Marekani ina maana yake rasmi ya hao "wa kwanza": ni mwanafunzi ambaye wazazi wake hawana shahada ya kwanza. Mzazi aliyesoma mwaka mmoja akaacha bado anahesabiwa kuwa hakufika.

Walatino si kikundi kidogo pembeni. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu milioni 62.1. Kuna vyuo ambavyo sheria ya nchi, tangu mwaka 1992, inavitambua kwa jina la pekee kwa kuwa angalau asilimia 25 ya wanafunzi wao ni Walatino, na vyuo vya namna hiyo vilikwisha kuunda umoja wao huko San Antonio mwaka 1986. Kuingia, basi, vijana wanaingia. Kazi iko kwenye kubaki.

Nielezee kwanza kwa nini jambo hili linanigusa hivi.

Nimezaliwa Tanga. Baba alikuwa mkata mkonge, mama aliuza chai na maandazi stendi. Nilipochaguliwa kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaa mzima ulikuja kuniaga, na mama alinifungia samaki wa kukaanga wa kunitosha siku tatu, kana kwamba Dar es Salaam hakuna bahari. Nilikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo; boom, yaani fedha ya kujikimu, likitoka tunaishi, likikata tunakula mara moja. Mwaka wa kwanza nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Sikumwambia mtu. Mama akipiga simu, "Masomo yanakwendaje mwanangu?" najibu, "Yanakwenda, mama." Ningemwelezaje sapu? Kwake mtoto amefaulu au amefeli, na mimi mtaa ulikuwa umeshaniaga kwa ngoma.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa amenibeba, yaani amenipa nafasi ya kulala chumbani kwake, hosteli ya Mabibo. Usiku mmoja aliniuliza, "Umeshakwenda kumwona mwalimu?" Nikamwambia, "Nikamwambie nini?" Akanitazama kwa muda, akavaa viatu, akasema kesho tunakwenda wote. Tulikwenda. Mwalimu alinionyesha nilikokosea kwa dakika 20, nikaenda kwenye sapu nikijua ninachofanya, sikudisko, yaani sikuondolewa chuo. Dakika 20 tu. Mpaka leo najiuliza wangapi niliosoma nao walirudi kwao kwa kukosa mtu wa kuvaa viatu akasema kesho tunakwenda wote.

Mtoto wa watu waliosoma hafundishwi mambo ya chuo. Ameyasikia mezani, akila. Anajua kwamba profesa ni mtu wa kuendewa, kwamba silabasi ni mkataba, kwamba barua ya chuo yenye maneno makali mara nyingi inajibika kwa simu moja. Wanafunzi wangu hawajasikia hayo mezani. Mezani kwao walisikia mambo mengine, mazito kuliko haya: kodi ya nyumba, lori la baba lililoharibika, bibi aliyeko Michoacán, Meksiko, ambaye hakuna anayeweza kwenda kumzika na akaruhusiwa kurudi.

Kijana mmoja alikuwa akifeli kemia. Nilimuuliza kwa nini haendi kwa profesa wake saa za ofisi, zimeandikwa ukurasa wa kwanza wa silabasi, Jumanne na Alhamisi saa 8 mchana. Akashangaa. "Misi," ndivyo wanavyotuita, "mimi nilidhani hizo ndizo saa ambazo yeye anafanya kazi zake." Jumanne zote alikuwa akikaa kwenye gari lake maegeshoni, akisoma peke yake, mita mia kutoka kwa mtu anayelipwa kumsaidia, akiona ni utovu wa adabu kumsumbua. Ilikuwa adabu ile ile waliyomlea nayo: mkubwa akiwa kazini, usimkatize.

Sasa nieleze habari za binti mwingine, maana yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Alikuja Oktoba, wiki ya saba ya muhula. Wiki ya sita na ya saba mimi naziogopa. Shamrashamra za kuanza zimekwisha, mitihani ya kwanza imerudi na alama zake, na bili zilizokuwa zimejificha zinajitokeza. Alikuwa ameshika fomu ya kujiondoa, ameikunja mara nne mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Alitaka kujiondoa kozi zote. "Nimsaidie mama kwanza," akasema. "Nitarudi Januari."

Kwa uzoefu wangu, wengi wanaosema watarudi Januari hawarudi. Nimejifunza pia kutomuuliza mwanafunzi "kwa nini", kwa sababu swali hilo humfanya ajitetee. Nikamwambia, "Nieleze wiki iliyopita. Anza Jumatatu."

Jumatatu alifungua akaunti yake ya chuo akakuta imefungwa. Alikuwa anadaiwa dola 186, mchanganyiko wa ada ya maabara na faini ya kuegesha gari. Ukidaiwa, hujisajili muhula unaofuata. Hakumwambia mtu. Jumatano baba yake, ambaye kazi yake ni kuezeka mapaa, alianguka akavunjika kifundo cha mguu. Alhamisi asubuhi ilikuwa siku ya jaribio la hisabati, na ilikuwa siku ya miadi ya baba kliniki. Baba haongei Kiingereza. Mama naye haongei, na anasafisha vyumba hotelini, siku akikosa halipwi. Binti ndiye wa kwanza kuzaliwa kati ya wanne. Tangu ana miaka minane yeye ndiye mkalimani wa nyumba: bili ya umeme, mwenye nyumba, shule ya wadogo zake, daktari. Akaenda kliniki. Jaribio likampita. Hakumwandikia mwalimu wa hisabati kwa sababu, kwa maneno yake, "nisingependa anione natoa visingizio."

Ukimtazama kwa macho ya karatasi, huyu ni mwanafunzi asiyelipa, asiyehudhuria, asiyewasiliana. Mfumo ungempa herufi na tarakimu zake na kumwacha aende.

Na kuna jambo fomu ile haikumwambia. Binti alikuwa anasomeshwa kwa ruzuku ya serikali kuu, ile inayoitwa Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Mwanafunzi akijiondoa kozi zote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, chuo hulazimika kupiga hesabu na kurudisha sehemu ya fedha ile serikalini. Chuo kikisharudisha, humgeukia mwanafunzi: ulisoma wiki saba, ada ni ya muhula mzima, tulipe. Deni la dola 186 lingezaa deni kubwa mara nyingi zaidi, na kwa deni hilo asingeweza kujisajili Januari hata akitaka. Alikuwa anatia saini kutorudi, huku akiamini anatia saini kupumzika.

Nilimwambia hayo taratibu. Alinyamaza, kisha akaanza kuikunjua ile fomu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza kana kwamba anapiga pasi.

Tulifanya mambo matatu asubuhi ile, na hakuna hata moja lililohitaji akili nyingi. Tulimwandikia mwalimu wa hisabati barua pepe yenye sentensi tatu: nini kilitokea, lini, naomba nini. Mwalimu akajibu kabla ya mchana, akampa siku ya kufanya jaribio. Tuliomba mfuko wetu mdogo wa dharura ulipe zile dola 186. La tatu ndilo lililomliza. Nilimweleza kwamba kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani, bure. Tukapiga simu kliniki tukiwa wawili, nikaweka sauti ya juu, tukaomba mkalimani kwa miadi ijayo ya baba. Yule wa upande wa pili akasema sawa, ameandika. Basi.

Binti akaniuliza, "Kwa hiyo wao ndio wanaotakiwa kuleta mtu?"

"Wao."

"Tangu zamani?"

Nilimjibu ndiyo, tangu kabla hajazaliwa. Akafunika uso kwa mikono. Alilia kwa muda mrefu, nami nilikaa kimya, kwa sababu sikuwa na neno la kumrudishia miaka kumi.

Baadaye, ametulia, alisema kitu ambacho sikukitarajia. Alisema hakutaka kuacha kumtafsiria baba yake. Alitaka tu iwe ni hiari yake, si kwamba asipokuwepo yeye baba hatibiwi. Nimeyaweka maneno yale moyoni.

Maana kwa miaka mingi ushauri uliotolewa kwa vijana kama hawa ulikuwa unaelekea upande mmoja. Nadharia zilizotawala tangu miaka ya 1970 zilisema mwanafunzi hubaki chuoni akijifunga na maisha ya chuo: marafiki wapya, vilabu, bweni. Ndani yake kulikuwa na dhana kwamba lazima ajikate kidogo na kule alikotoka. Kwa kijana wa miaka 18 anayeondoka nyumbani kwa wazazi wenye shahada labda ni sawa. Kwa binti wa mwezeka mapaa ni kumwambia achague kati ya chuo na kwao, na akibanwa hivyo atachagua kwao. Mimi pia ningechagua Tanga.

Laura Rendón, mtoto wa Laredo, mji ulio mpakani hapa hapa Texas, ambaye naye alianzia chuo cha jamii, aliandika mwaka 1994 jambo ambalo kwangu lina ukweli wa kila siku: kwamba wanafunzi hawa hawahitaji kusubiriwa waje wenyewe. Mtu wa chuo, mwalimu au mshauri, ndiye anayepaswa kuanza, amfuate mwanafunzi, amwambie na kumwonyesha kwamba anaweza. Mzigo wa hatua ya kwanza uko kwa chuo. Rendón hakuishia darasani. Alisema kuthibitishiwa huko kunaweza kutoka hata nje ya chuo, kwa wazazi na ndugu. Nilipolisoma wazo hilo nilimkumbuka dada wa Mabibo akivaa viatu. Nikamkumbuka na yule mama wa ukumbini.

Kwa hiyo tulianza Jumamosi za wazazi. Niliomba ruhusa miezi minne. Kila niliyemwendea alikuwa na hofu ya ile sheria ya 1974. Sheria yenyewe haikatazi kuwafundisha wazazi chuo ni nini. Inachokataza ni kutoa habari za mwanafunzi bila idhini yake, na idhini ni karatasi ya ukurasa mmoja. Mwanafunzi akitaka, anatia saini, anataja jina la mzazi, basi naweza kuongea naye. Asipotaka hatumbani. Wapo wenye sababu zao za kutotaka, na sababu hizo nyingine nisingependa kuziandika hapa.

Jumamosi ya kwanza nilitarajia watu 15. Walikuja zaidi ya 60, na bibi zao, na watoto wachanga. Mama mmoja alileta tamales, chakula cha unga wa mahindi, kwenye sufuria kubwa iliyofungwa taulo, bila kuombwa na mtu, kwa sababu haendi mkutanoni mikono mitupu. Mikate mitamu ya pan dulce tuliyonunua sisi ikawa kama mchezo wa watoto mbele ya sufuria ile.

Kihispania changu ni cha kuokoteza, na nilikuwa na mwenzangu wa Brownsville anayeendesha mazungumzo. Ila kulikuwa na dakika tano zangu za kujitambulisha. Niliwaambia nimetoka pwani ya Afrika Mashariki, lugha yangu ni Kiswahili, na kwamba tuna ndugu wa maneno. Nikagonga meza: ninyi mnasema mesa, sisi meza. Nikaonyesha bendera ukutani: bandera, bendera. Hayo mawili tumepewa na Wareno. Nikasema azúcar, sukari. Nikasema hasta yenu na hata yetu chimbuko lake ni Kiarabu kimoja. Halafu nikasema mama yangu hawezi kupanga jambo la kesho bila kusema inshallah, na ojalá yao, yaani "natumaini", wanayoitamka kila siku imezaliwa kutokana na dua ya namna hiyo, miaka mia nyingi iliyopita kule Hispania. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ojalá, inshallah," kana kwamba anaonja. Ukumbi ukalegea. Toka hapo hawakuniona tena kama mtu wa chuo.

Tulichowapa siku ile kilikuwa kalenda. Muhula wa wiki 16 kwenye ukurasa mmoja, kwa Kihispania, wiki ya 8 na ya 16 zimepakwa rangi nyekundu. Tukawaeleza: wiki hizi nyekundu mwanao anaweza kukaa maktaba mpaka usiku, hajapotea, hana mpenzi wa siri, anasoma. Wiki hizi, mkiweza, zamu ya kumpeleka bibi kliniki apewe mtu mwingine. Kina baba wakatoa simu wakaipiga picha ile kalenda. Hawakuwa wanakataa kusaidia. Hakuna aliyewahi kuwaambia lini.

Mzee mmoja, mikono yake imechubuka kwa kazi ya zege, aliuliza swali ambalo kila Jumamosi linaulizwa na mtu fulani. "Na mimi nifanye nini? Mimi nimeishia darasa la tano." Nilimwambia, kila Jumapili usiku muulize mwanao, wiki hii una mtihani gani? Na Ijumaa muulize, ule mtihani ulikwendaje? Akaniambia hataelewa majibu. Nikamwambia hahitaji kuelewa majibu. Aliandika maswali yale mawili nyuma ya risiti, kwa herufi kubwa, polepole, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Nisiwadanganye kwamba familia ni asali tupu. Nilikuwa na mwanafunzi mzuri sana wa uhandisi aliyekubaliwa kuhamia chuo kikuu kilicho saa tano kwa gari. Baba yake alikataa. Mtoto wa kike halali nje ya nyumba ya baba yake mpaka aolewe, mwisho wa maneno. Nilizungumza naye mara tatu, alinipa heshima zote na kahawa, na hakubadilika. Binti alibaki, akasoma fani nyingine karibu na nyumbani, akamaliza. Anafanya kazi nzuri. Uhandisi hakuupata, na mimi bado unaniuma.

Watu huniuliza ni kitu gani hasa hufanya kazi. Yapo mambo yaliyokwisha kujaribiwa kwa muda mrefu. Mwaka 1981 katika Chuo cha Chabot, mji wa Hayward, California, mshauri mmoja na mwalimu mmoja wa Kiingereza walikaa na majalada ya wanafunzi wao wa Kilatino wakaona kwamba hawa vijana wanakwepa kuonana na washauri na wanakwepa madarasa ya uandishi. Wakaunda Puente, yaani daraja: kundi moja linasoma uandishi pamoja mwaka mzima, maandiko ya watu wa kwao yakiwemo, mshauri akiwa ndani ya darasa lile lile, na kila mwanafunzi ana mtu mzima wa jamii yake wa kumwongoza. Puente inaendelea hadi leo. Kwa watoto wa vibarua wa mashambani wanaohama na mavuno kuna mpango wa serikali kuu tangu mwaka 1972 unaowashika mkono mwaka wao wa kwanza.

Lakini mpango ninaoupenda kuutaja mbele ya wakubwa zangu ni ASAP, wa chuo kikuu cha jiji la New York, ulioanza mwaka 2007. Pale walikataa kuamini kwamba tatizo ni moja. Wakaziba pengo la ada, wakatoa vitabu, wakatoa kadi za usafiri, wakamtaka mwanafunzi asome muda wote, na wakampa mshauri anayemjua kwa jina. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje, wakafuatiliwa. Baada ya miaka 3, waliokuwa ndani walihitimu kwa asilimia 40. Wa nje, asilimia 22. Mshauri wa mpango ule alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80. Washauri wa kawaida wa vyuo vile walikuwa na kati ya 600 na 1,500.

Mimi nina zaidi ya 400. Siwezi kumjua kila mmoja Jumatatu yake ilikuwaje. Nikisema hivyo mkutanoni, wakubwa hunijibu kwamba bajeti hairuhusu. Wanaoondoka nao huondoka na ada yao na ruzuku yao, ila hasara hiyo hakuna aliyenionyesha imeandikwa wapi.

Na mwaka 2025 mambo yalikuwa magumu zaidi. Tangu 2001 Texas ilikuwa imewaruhusu vijana waliokulia hapa bila karatasi za ukaazi kulipa ada nafuu ya wenyeji wa jimbo. Juni 2025 serikali kuu ilifungua kesi, jimbo halikubisha, na ruhusa ile ikafutwa ndani ya siku moja. Septemba mwaka huo huo Wizara ya Elimu ikatangaza kusitisha ruzuku za vyuo vinavyohudumia Walatino na makundi mengine, jumla yake kama dola milioni 350. Zaidi ya hesabu, mimi nauona woga. Mwanafunzi ni raia, kazaliwa hospitali ya mtaa wa pili, ana haki ya ruzuku, lakini fomu ya kuiomba inauliza habari za wazazi, na mama hana namba ya hifadhi ya jamii, ile ya raia na wenye karatasi. Baba anakuja na makaratasi ya kodi ndani ya boksi la viatu, ameyapanga kwa miaka, kila dola aliyolipa iko mle, na anauliza jina lake litakwenda wapi. Siku hizi simwambii asiogope. Namweleza fomu inauliza nini, namweleza sheria ilivyo leo, namwelekeza kwa mwanasheria wa msaada, uamuzi ni wake na mwanawe. Wengine hufunga boksi wakaenda nalo nyumbani.

Ndugu zangu wasomaji wa Kiswahili mlioko huku, hasa ninyi mliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na nyinginezo, mambo haya ni yenu pia. Vijana wa Kikongo nao wameanza kuja ofisini kwangu, nao ni wakalimani wa nyumba zao, nao wanaambiwa na bibi zao kwamba mwalimu hasumbuliwi. Muhula uliopita kijana mmoja alikuja na mama yake mwenye kitenge, akasimama mlangoni akaniuliza kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama naye aingie?" Nilimjibu marahaba, nikawavuta ndani wote wawili.

Yule binti wa dola 186 alifaulu hisabati kwa C. Alijisajili Januari. Amechelewa, anachukua kozi mbili mbili kwa sababu kazi ya dukani ameongezewa saa, na bado ana takwimu na fizikia mbele yake. Anataka ukunga. Jumamosi za wazazi mama yake ndiye anayekaa meza ya mlangoni sasa, anawaandika majina wanaoingia na kuwagawia kalenda, na akiona mama aliyesimama pembeni na mkoba wake, huinuka kumfuata.

Jana usiku binti aliniandikia ujumbe. Ana miadi nami Jumatatu saa 4 asubuhi kupanga uhamisho. "Misi, nakuja na mama na baba. Na bibi, amefika kutoka kwa shangazi, anataka kuona."

Ofisi ina viti vitatu vya wageni siku hizi. Leo mchana nimekwenda chumba cha mikutano nikabeba cha nne.